POPO ANAYEWINDA CHINI: MPANGAJI WA NDANI YA MBUYU

Mazungumzo kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia vya sehemu kavu

 Asanteni kwa kufika mapema, maana tunajua leo ni siku ya soko na wengine wenu mmeacha mizigo kwa jirani. Kwa kawaida tukikutana hapa tunazungumza juu ya mbuzi wa maziwa, matangi ya maji, pesa za mzunguko na mambo kama hayo. Leo tunazungumza juu ya popo. Tumeona wengine wakicheka. Chekeni tu, lakini jambo hili mmelileta ninyi wenyewe. Katika ziara zetu za juzi tuliulizwa swali moja mara tatu, tena katika vijiji visivyopakana: "Tuna mbuyu wenye shimo, ndani mna popo. Tuwafukuze namna gani?"

Kikundi cha kwanza walitaka kuwasha moto ndani ya shimo, popo watoke na nyuki pia watoke, asali ipatikane. Cha pili walisema watoto wanaogopa kupita hapo jioni wakitoka kisimani. Cha tatu walikuwa wamepata mtu wa kununua mti wenyewe, na popo walikuwa sababu nzuri ya kuharakisha biashara. Sasa sisi tulionelea kwamba kabla ya kumfukuza mpangaji ni vizuri kwanza kumjua ni nani, anakula nini na analipa kodi gani.

Hebu tuanze hapo. Watu wengi wakisema "popo" hufikiri ni mnyama mmoja. Sivyo. Hapa Kenya peke yake kuna aina zaidi ya mia moja za popo. Wako wale wakubwa wenye uso kama wa mbwa mdogo, ambao hula matunda. Hao ndio wanaoingia kwenye miembe na mipapai, na ndio wanaofanya wote wachukiwe. Wako wadogo kama kidole gumba wanaolala kwenye mabati ya kanisa na shule, wakitoka jioni kukamata mbu na wadudu wengine hewani. Halafu yuko huyu wetu wa leo, ambaye ana tabia yake tofauti kabisa: yeye hutafuta chakula chake chini, ardhini.

Wataalamu humwita Cardioderma cor. Msijisumbue na hilo jina, lakini neno la mwisho ni la Kilatini na maana yake ni moyo. Juu ya pua yake amesimamisha kipande cha ngozi chenye umbo la moyo, kwa hivyo tutamwita popo pua-moyo. Ukimwona mchana ndani ya shimo utamtambua kwa vitu vitatu. Kwanza ni masikio, makubwa mno kwa kichwa chake, nayo yameungana hapo juu ya paji la uso. Pili ni macho. Popo wengi wanaokula wadudu wana vijicho kama mbegu ya mtama, lakini huyu ana macho makubwa yanayokuangalia kweli kweli, na pengine ndiyo yanayowaogopesha watoto. Tatu ni manyoya, marefu na laini, rangi ya kijivu inayoelekea samawati. Mkia haonyeshi. Uzito wake ni gramu ishirini na kitu hadi thelathini na tano, yaani karibu nusu ya yai la kuku wa gredi. Mnyama wa uzito huo hawezi kumdhuru mtoto anayepita njiani na mtungi.

Makao yake ni upande huu wa mashariki mwa Afrika tu: Eritrea, Ethiopia, Djibouti, Somalia, Sudan, sehemu za Uganda, Kenya na Tanzania. Hapendi milima yenye baridi wala msitu mzito. Anapenda nchi za chini zenye joto, vichaka, migunga, mibuyu na kingo za mito ya msimu. Kwa maneno mengine, anapenda pale pale ambapo serikali na mashirika husema ni mahali pagumu pa kuishi. Ukitoka Kibwezi ukafuata barabara kuu hadi Mtito Andei na Voi, kisha ukateremka Pwani, unapita katika nchi yake.

Sasa tuondoe kwanza hofu ya damu. Kwa Kiingereza popo hawa huitwa kwa jina linalomaanisha "mnyonya damu wa uongo", na uongo ndio neno la kushika hapo. Wazungu wa zamani walipoona popo wakubwa wenye sura hii walidhani wananyonya damu, jina likakwama. Popo wanaokunywa damu kweli wako duniani, aina tatu tu, na wote wanaishi kule Amerika ya Kusini na ya Kati hadi Mexico. Hapa kwetu hakuna hata mmoja. Ukiamka ng'ombe wako akiwa na damu shingoni, tafuta kupe, tafuta fisi, tafuta waya wa boma. Popo umwache.

Basi anakula nini? Hapa tuende polepole, kwa sababu ndipo penye utamu wa habari hii.

Mwaka 1976 mtaalamu Mmarekani, Terry Vaughan, alichapisha uchunguzi alioufanya huku huku kwetu, katika nchi kavu ya upande wa Kibwezi. Alikaa usiku kucha akiwaangalia popo hawa. Wazee wanaokumbuka miaka hiyo watacheka, maana mzungu anayelala porini kuhesabu popo si kitu cha kila siku. Lakini aliyoyaona yanatusaidia mpaka leo.

Giza likiingia popo pua-moyo hutoka shimoni na kwenda kila mmoja sehemu yake. Harukiruki hewani huku na huku kama wale wadogo wa mabati. Hufika penye kichaka au mti mfupi, akajining'iniza kwenye tawi la chini, akatulia. Amekaa tu. Anageuka upande huu, anageuka upande ule, masikio yanachezacheza. Mtu asiyejua angesema ni mvivu. Kumbe anasikiliza. Anasikiliza ardhi.

Mnajua jinsi majani makavu yanavyosema wakati wa kiangazi. Tandu akipita, yale miguu mengi yanachakaza. Mbawakawa mkubwa akitembea chini ya mgunga, majani yanalia kra, kra, kra. Nge naye akitoka chini ya jiwe, mchanga unatikisika kidogo. Sisi hatuvisikii vitu hivyo hata tukinyamaza. Yeye anavisikia akiwa mita kadhaa mbali. Akishajua ni wapi hasa, anaachia tawi, anashuka, anamkamata mdudu pale pale ardhini, kisha anapanda na kurudi kwenye tawi kula. Safari nzima ni ya kufumba na kufumbua. Mabawa yake ni mapana, ndiyo maana anaweza kuinuka kutoka chini akiwa na mzigo mdomoni, jambo ambalo popo wengine wenye mabawa membamba hawaliwezi.

Mtauliza: lakini si tunaambiwa popo huona kwa sauti? Ni kweli. Popo wengi hutoa sauti nyembamba sana ambayo masikio yetu hayaipati, sauti hiyo ikigonga kitu inarudi kama mwangwi, na popo anajua kuna kitu mbele. Pua-moyo naye anayo sauti hiyo, ila ni ya kunong'ona. Tena fikirieni wenyewe. Mdudu akiwa hewani, mwangwi wake ni safi. Mdudu akiwa amelala juu ya majani na changarawe, mwangwi wa mdudu na wa changarawe unachanganyika, ni kama kumtafuta mtu anayekuita katikati ya soko la Jumamosi. Kwa hivyo popo huyu hutegemea zaidi ule mchakacho anaoutoa mdudu mwenyewe. Mwaka 1987 wataalamu wawili, Michael Ryan na Merlin Tuttle, walichapisha majaribio yaliyoonyesha hivyo, kwamba kelele ya kiumbe anayetembea inamtosha kujua mahali alipo. Ndipo utaona kwa nini Mungu alimpa masikio yale. Sahani za kunasia sauti, hamna kingine.

Chakula chake cha kiangazi basi ni wale wa ardhini: mbawakawa wakubwa, tandu, nge. Tunarudia hilo la nge kwa ajili ya akina mama, kwa sababu tunajua nani huinama gizani kuokota kuni na nani hutandika watoto chini. Hatusemi popo watamaliza nge wote kijijini. Msije mkatuambia mwakani kwamba tulidanganya. Tunasema tu kwamba katika usiku mzima wa Ukambani hakuna wengi wanaofanya kazi ya kuwatafuta nge kwa masikio na kuwala, na huyu ni mmoja wao.

Mvua zikianza mambo hubadilika. Majani yanalowa, hayachakazi tena kama zamani, lakini wadudu wanakuwa wengi kila mahali. Hapo popo pua-moyo huongeza namna nyingine za kuwinda: anaokota panzi na nondo kwenye majani ya vichaka, na mara nyingine anakamata wanaoruka. Mara chache ameonekana akila hata popo wadogo. Ndiyo, wenzake. Hatuwezi kuwaficha hilo ili apendeze.

Kuna jambo lingine ambalo sisi lilitushangaza kuliko yote. Popo huyu anaimba. Akiwa kwenye sehemu yake ya kuwinda hutoa mlio mkali wa kukatika-katika, kisha anarudia, na mlio huo sikio la binadamu linausikia vizuri. Wengi wenu mmeusikia usiku mkadhani ni ndege au mdudu wa mtini. Vaughan aliuandika, na miaka ya karibuni mtafiti Grace Smarsh na wenzake waliwafungia popo wa aina hii vifaa vidogo vya redio kaskazini mwa Tanzania, wakachapisha matokeo. Waliona kwamba popo yule yule hurudi usiku baada ya usiku kwenye sehemu ile ile, matawi yale yale, na pale huimba. Si kwa kufurahisha. Anaimba kuwaambia wengine: shamba hili lina mwenyewe. Mchana wanalala pamoja katika shimo moja, usiku kila mmoja ana mpaka wake. Sisi wenye kesi za mipaka kila mwezi kwa chifu tunaweza kuona wivu kidogo, maana wao humaliza kwa wimbo.

Huku Pwani ya Kenya utafiti mwingine, wa mwaka 1987, ulieleza juu ya dume na jike wanaokaa pamoja kama jozi na kulinda sehemu yao. Jike huzaa mtoto mmoja kwa mara moja. Si kama panya. Panya mkimwua leo, kesho kutwa wako kumi. Mkiwachoma popo wa shimo moja, mtakaa miaka mingi kabla hawajajaa tena, kama watarudi.

Hapo sasa turudi kwenye mbuyu. Popo huyu hulala kwenye mapango, kwenye nyumba zilizohamwa, lakini makao yake anayoyapenda hasa ni shimo la mbuyu mzee. Ndani ya mbuyu mmoja wamehesabiwa hadi themanini. Kwa nini mbuyu? Mti mwingine mkubwa wa nchi kavu wenye uwazi kama nyumba ndani yake ni upi? Mbuyu unavyozeeka unaacha nafasi katikati, na nafasi hiyo ina kivuli mchana wote na joto lisilopanda na kushuka sana. Lakini mbuyu mchanga hauna shimo. Mti wa kuweza kupangisha popo themanini ni mti ambao babu wa babu yenu aliukuta ukiwa mkubwa. Kwa hivyo mtu akisema, "Tutaukata huu, tupande mingine kumi," mwambieni asante kwa miche, lakini popo hawatangoja.

Mnakumbuka mwaka 2022 habari zilivyojaa magazetini juu ya mibuyu iliyong'olewa na mizizi yake kule Kilifi ili isafirishwe kwa meli hadi nchi ya Georgia, na mwezi wa Novemba mwaka huo Rais Ruto akaagiza jambo hilo lichunguzwe. Watu waliokuwa wameuza hawakuwa wabaya. Walikuwa na karo ya shule, walikuwa na njaa, na walitaka nafasi ya kulima mahindi. Tunalielewa hilo, tena tukiwa katika kazi hii ya ustawi hatuwezi kumlaumu mtu mwenye njaa. Ila pesa ya mti mmoja huingia mara moja tu. Mabuyu yenyewe huuzwa kila msimu, ya kupika na sukari na rangi kwa watoto wa shule, na unga wake sasa unatafutwa hata mijini. Nyuzi za gome akina mama mnazijua kuliko sisi.

Na hapa kuna kitu ambacho tungependa kila mwanakikundi akae nacho. Ua la mbuyu hufunguka jioni, si asubuhi. Ni jeupe, kubwa, lina harufu, linaning'inia. Limewekwa hivyo kwa ajili ya wageni wa usiku, na wakubwa kati yao ni popo wa matunda, wale wale tunaowatukana kwa sababu ya maembe. Wakija kulamba utamu, vifua vyao hujaa chavua, wakienda ua la pili wanaipeleka. Mti mmoja basi una kazi na popo wa namna mbili. Wa matunda anahudumia ua, na pua-moyo anakaa ndani ya shina na kuwinda chini ya vichaka vinavyouzunguka. Mkiwasha moto shimoni kwa ajili ya asali mnachoma nyumba ya mmoja, na mti ukifa kwa moto huo, wa pili naye anakosa ua, na ninyi mnakosa mabuyu.

Tulimwuliza mzee mmoja mrina asali kama haiwezekani kurina bila kuchoma. Alisema inawezekana, lakini ni kazi zaidi. Ndivyo ilivyo. Vikundi vyenye mizinga, iwe ya kienyeji au ya kisasa, na ile bomba ya moshi, hawana haja ya kuingiza kuni zinazowaka ndani ya mti. Asali ya mzinga pia haina majivu na haina kinyesi cha popo, na mnunuzi wa mjini hilo ataliuliza. Kikundi kile cha kwanza tuliwashauri watundike mizinga michache kwenye matawi ya mbuyu ule ule, mbali na mlango wa shimo.

Jambo lingine ni vichaka. Tumesema popo huyu hujining'iniza chini na kusikiliza. Mahali palipofyekwa pakawa peupe kama uwanja wa mpira hana pa kukaa. Mahali palipojaa nyasi ndefu na miiba mizito hasikii wala hawezi kushuka. Anataka mahali pa katikati: kichaka hapa, ardhi wazi pale, majani makavu chini ya mti. Shamba letu la kawaida la Ukambani, lenye matuta ya fanya juu na miti kidogo kwenye mpaka, si baya kwake hata kidogo mradi tusifyeke kila kitu. Zile pembe za shamba ambazo jembe halifiki, zenye kichaka cha mtu kujisaidia, ziacheni hivyo hivyo.

Na dawa. Tangu viwavijeshi vya aina mpya vilipoingia nchini mwaka 2017 karibu kila nyumba ina chupa ya dawa na bomba ya mgongoni. Hatusemi msipulizie, mahindi ni maisha. Lakini tumewaona vijana wakimaliza mahindi kisha wanapulizia na kichaka na njia, eti dawa isirudi nyumbani. Mdudu aliyepata dawa nusu anatembea kwa shida, anachakaza majani, na anayemsikia kwanza ni nani? Pulizieni kwenye mmea ulio na kiwavi, mapema asubuhi au jioni, na inayobaki iwekwe kwa zamu ya pili.

Sasa tuseme juu ya afya, kwa sababu tusiposema mtasema tulificha. Popo ni mnyamapori na hashikwi kwa mkono, awe mzima, mgonjwa au amekufa. Watoto waambiwe hivyo nyumbani na shuleni. Popo aliyelala chini mchana ana shida, na aliye na shida huuma. Mtu akiumwa na popo, kama vile akiumwa na mbwa asiyejulikana, aoshe kidonda mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, halafu aende kituo cha afya siku hiyo hiyo akaulize juu ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Asipake majivu wala mafuta ya taa.

Tena msiingie kwenye mapango yenye popo wengi kuchimba kinyesi cha mbolea. Tunajua ni mbolea kali na kuna vikundi vilivyofikiria biashara hiyo. Vumbi lake lina ukungu unaoweza kushika mapafu. Na katika pango la Kitum, Mlima Elgon, watu walioingia mwaka 1980 na tena mwaka 1987 waliugua ugonjwa wa Marburg wakafa. Virusi hivyo baadaye vilipatikana kwa popo wa matunda wanaokaa mapangoni, si kwa huyu pua-moyo. Lakini pangoni wanaweza kukaa wa aina nyingi, na mtu mwenye koleo gizani hachagui amekanyaga cha nani. Kinyesi kidogo kinachoanguka chini ya mbuyu wazi, kikinyunyiziwa maji kwanza na mtu akiwa amefunga pua kwa kitambaa, hicho ni kitu kingine.

Wengine mliuliza juu ya popo walioingia nyumbani au kwenye stoo. Kuwapiga kwa fimbo ni kujitafutia kuumwa. Angalieni jioni wanatokea wapi. Wakishatoka wote kuwinda, zibeni tundu hilo kwa udongo au wavu, na msifanye hivyo wakati kuna watoto ndani wasioweza kuruka, maana watakufa humo na harufu yake mtaila ninyi wiki mbili. Mkishindwa, ofisi ya Shirika la Wanyamapori, KWS, iko kwa ajili ya kazi hiyo pia, si kwa ndovu peke yake.

Tumefika kwenye maswali yenu matatu. Kikundi cha asali tumeshawajibu. Kikundi cha watoto wanaoogopa, tunawaomba wazee wawili wakae na watoto hao jioni moja karibu na mti, mbali kidogo, bila kumulika shimo, wawaone popo wakitoka. Popo hawa hata mchana hawalali usingizi mzito; wako macho, na ukiingia na tochi wataruka wote, wengine wasirudi. Kwa hivyo kaeni nje. Baadaye kidogo songeni penye vichaka, nyamazeni, msikilize ule wimbo wa kukatika-katika. Mtoto akishajua sauti ni ya nani, njia ya kisimani inakuwa fupi.

Kikundi cha kuuza mti, hilo ni lenu na hatuwezi kuwaamulia. Tunaomba tu mambo mawili kabla ya kupokea arbuni. Moja, mzee wa kijiji na ofisi ya misitu wajue. Pili, mwanakikundi mmoja anayejua kuandika akae mbali na ule mbuyu jioni tatu mfululizo, ahesabu popo wanaotoka, aandike tarehe na saa waliyoanza kutoka. Hesabu hiyo mtuletee kwenye mkutano ujao. Vikundi vingine vyenye mibuyu ya shimo nanyi fanyeni vivyo hivyo, mtaje na kama mti unazaa mabuyu na nani anayachuma. Daftari la kikundi lina kurasa za nyuma ambazo hazijatumika. Wale wa upande wa mto waanze wiki hii, kabla mvua hazijakatisha njia.